Risala ya Wanachama wa Klabu ya Kujitolea kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kukabidhi Vyeti kwa Wahitimu wa Mafunzo ya Ufundi, Jijini Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali na viongozi wetu wa dini,
Wenyeviti wa mitaa, walimu, wazee wetu mafundi,
Wazazi, wahitimu, mabibi na mabwana,
Itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi. Mbele yako wapo vijana waliomaliza mafunzo ya kuchomelea, kufunga na kutengeneza mota za umeme, na kukereza vyuma. Pembeni yao wapo kina mama wa kikundi cha ususi wa mkonge, ambao kazi zao umeziona mezani ulipokuwa unaingia. Hawa ndio sababu ya hafla hii.

Klabu yetu ina wanachama wa kila aina: wenye maduka ya Ngamiani, walimu, wauguzi, dereva wa bajaji, wakulima wa Pongwe na wastaafu wa bandari na reli. Kinachotuunganisha ni kuipenda Tanga na kuwa tayari kuifanyia kazi bila malipo. Vyama vya namna hii vimeenea duniani. Mwaka 1905 mwanasheria Paul Harris aliwakutanisha wafanyabiashara wenzake mjini Chicago, Marekani, na hapo ndipo Rotary ilipoanzia. Miongoni mwa kazi zao za kwanza kwa jamii ilikuwa kuhimiza mji wao ujengewe vyoo vya umma. Lakini hata pwani yetu haikusubiri kufundishwa. Wazee wetu wa vyama vya beni, Marini na Arinoti, walipiga ngoma na kuvaa sare, na papo hapo walizikana, waliuguzana na kumpokea mgeni asiye na ndugu mjini. Na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kujitolea, hakuna asiyeujua hapa. Nasi tunafuata nyayo hizo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ili ueleweke mzigo tulioubeba, turuhusu tuseme kidogo habari za mji huu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai na kupandwa kule Kikogwe, Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoijaza Tanga watu kutoka Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji, waliokuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Wajukuu wao tumekaa nao humu ukumbini leo. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyotushinda. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakabadilisha wenyewe, mengi yakaachwa vichaka. Baada ya mkonge viwanda navyo vikafuata. Kiwanda cha mbolea kikafungwa, vingine vikawa vinafanya kazi kwa kusuasua, na reli ya kwenda Moshi na Arusha ikalala miaka mingi. Mji ukabaki na barabara zake nzuri za namba na upepo wake wa bahari, lakini kijana akimaliza shule alikuwa anaulizia nauli ya Dar es Salaam.

Hali hiyo sasa inabadilika, na tunasema kwa shukrani. Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1 kuiboresha Bandari ya Tanga. Zamani meli zilitia nanga mbali, na mzigo ukaletwa nchi kavu kwa matishari. Sasa kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli inafunga gatini. Reli imefufuliwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Na mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza Hatifungani ya Kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ikapata zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa ajili ya kupanua huduma ya maji. Mji usiofikisha watu laki nne kwa sensa ya 2022 umeonyesha kuwa unaweza kwenda sokoni ukaaminiwa.

Furaha yetu ina wasiwasi ndani yake, Mheshimiwa. Tanga inasifika kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Hatutaki fedha nazo zije leo na kuondoka leo. Meli ikishusha mzigo, lori likiupakia na kuondoka na ushuru kulipwa, mapato ya Taifa yatakuwa yamepanda kweli. Lakini mama wa Makorora na kijana wa Mabawa hawatayaona mapato hayo mpaka pawepo na mtu wa kuwashika mkono na kuwafikisha penye kazi. Kazi hiyo ndiyo klabu yetu imeichukua. Usafi wa fukwe, uchangiaji damu na madaftari kwa watoto yatima tunaendelea navyo, na hatutaviacha. Ila nguvu yetu kubwa tumeielekeza kwenye kuunganisha kilichopo mjini na kinachotafutwa mjini.

Kilichopo cha kwanza ni wazee hawa waliokaa mstari wa mbele. Viwanda vilipofungwa, mashine ziliuzwa vyuma chakavu, lakini ujuzi ulirudi nyumbani na wenyewe. Tanga ina mafundi mchundo waliofundishwa enzi ambazo fundi alikaa miaka chini ya fundi mwingine kabla ya kuachiwa mashine. Tulipita mtaa kwa mtaa tukiwaulizia, na wengi tuliwakuta barazani, kahawa mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza atalipwa nini kabla ya kuuliza vijana wako wapi.

Tungependa uone wanavyofundisha. Kijana huletewa mota inayonguruma vibaya. Kabla hajagusa spana, mzee humwambia aweke ncha ya bisibisi kwenye mfuniko wa mota na mpini wake sikioni, asikilize. Beringi iliyokauka grisi ina mlio wake, iliyolika ina mlio wake, na shafti iliyopinda nayo ina wake. Hasemi jibu. Humwacha kijana aseme, kisha wanafungua pamoja waone nani kapatia. Mwanzoni vijana waliona wanacheleweshwa. Baada ya muda wakawa wanabishana wenyewe juu ya milio, na hapo ndipo tulipojua wameiva. Mmoja wa wahitimu wa leo, binti, ndiye anayeitwa sasa mashine za kusaga za Duga zinapogoma, na analipwa kwa kazi hiyo.

Kilichopo cha pili ni mkonge wenyewe. Katika jani la mkonge, singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia nne tu ya uzito, na hata hizo kwa miaka mingi tumekuwa tukizifunga robota na kuzisafirisha zilivyo. Kina mama hawa hununua singa za daraja la chini, huzichana, huziosha, huzichemsha kwenye sufuria za rangi pamoja na chumvi ili rangi ishike, na huzianika kivulini kwa sababu jua la mchana huipausha rangi mbichi. Kikapu kimoja kikubwa humchukua msusi siku kadhaa. Gusa ukingo wake, Mheshimiwa, utaona hakuna mwiba wa singa unaochoma. Ukingo huo husukwa mara mbili, na msusi asiyeupatia huambiwa aufumue. Wateja wameanza kuwa wa uhakika, wakiwemo wenye hoteli na wanaoleta wageni Mapango ya Amboni.

Tatizo lao kubwa lilikuwa mtaji wa kununulia singa. Wengi waliingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ambayo mama anakopa asubuhi na jioni ya wiki hiyo hiyo anachukuliwa sufuria zake. Klabu iliweka mfuko wa kuzunguka kutokana na michango ya wanachama. Mkopo hautolewi kwa fedha taslimu. Kikundi hupewa singa na rangi, na hurejesha baada ya kuuza. Mfuko ni mdogo, lakini haujawahi kukauka, maana kina mama wanarejesha. Tunalisema hili kwa fahari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukukualika ili uje kusikia mazuri peke yake. Tunafanyia mafunzo ya kuchomelea uani kwa mwanachama wetu, chini ya bati lisilo na kuta. Mvua ya masika ikianza, kazi inasimama, maana umeme na maji havikai pamoja. Mashine ya kukereza tuliyo nayo ni moja, na kumi wanasubiri mmoja amalize. Na mji huu una magodauni matupu, mengine tangu enzi za mkonge, paa zima, milango imefungwa kwa minyororo. Ombi letu kubwa kuliko yote ni hili: tusaidie kuzungumza na wahusika ili tupewe godauni moja kwa mkataba wa miaka. Hatuombi tupewe bure. Tutalikarabati wenyewe kwa mikono ya hawa hawa wahitimu, na tutalipa kodi inayowezekana. Godauni moja lenye umeme wa njia tatu litabeba kuchomelea, ukerezaji na ususi kwa pamoja.

Ombi jingine linahusu zabuni. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Nia ya sheria ni njema sana. Lakini kijana mwenye cheti cha kuchomelea akifungua NeST, mfumo wa zabuni za Serikali mtandaoni, kwa simu yake, anakwama kwenye nyaraka. Tunaomba siku moja kwa mwezi, ofisa anayeujua mfumo akae nasi hapa, avisajili vikundi hadi mwisho. Sisi tutaleta kompyuta, meza na chai.

Aidha, utakapokaa na wakandarasi wa bandari na wa bomba, tunaomba uwaambie kuwa Tanga ina mafundi. Wawajaribu kwa kazi ndogo kwanza: ngazi, mageti, ukarabati wa pampu. Na wakishawapa kazi wawalipe kwa wakati. Kuna mnunuzi aliyechukua mzigo wa kina mama hawa akakaa na fedha zao miezi, na kikundi kilikaribia kuvunjika.

Kwa upande wetu tunaahidi kuendelea kupokea vijana wapya kila muhula, bila kuuliza dini, kabila wala chama, na kuweka hesabu za mfuko wazi kwa yeyote atakayetaka kuzikagua, kuanzia wewe leo. Daftari liko kwa mweka hazina, meza ya pili kulia kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunakuomba uwakabidhi wahitimu vyeti vyao, na baadaye utembelee meza za maonyesho. Mota imeandaliwa, bisibisi ipo, na vijana wameomba nawe usikilize.

Kwa heshima na taadhima, naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa klabu na kusomwa kwa niaba yao na Katibu.