Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: hesabu ya usiku katika makao ya wazee

Mheshimiwa Waziri,

Wakaguzi wako wanapotembelea makao ya kutunzia wazee na wagonjwa wa muda mrefu, huja mchana, na mara nyingi huja wakiwa wametoa taarifa. Hukuta sakafu imepigwa deki, mashuka yamebadilishwa, meneja yupo, muuguzi mkuu yupo, na mezani kuna rundo la fomu zisizo na hata kisanduku kimoja kitupu. Huzipitia, husaini, huondoka. Mimi ni muuguzi msaidizi wa zamu ya usiku, na ninakuandikia kuhusu fomu hizo.

Ninayoisema hasa ni ile ya kumgeuza mgonjwa. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Kila anapogeuzwa, aliyemgeuza anaandika saa na kutia sahihi. Sababu yake anaijua yeyote aliyewahi kuuguza mtu. Pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi, kwenye nyonga, chini ya kiuno, kwenye visigino, uzito wa mwili unabana mishipa midogo, damu inakosa njia, na nyama huweza kuanza kufa ndani wakati juu bado hapajaonyesha kitu. Kidonda cha kulalia kikishafunguka kinaweza kuchimba hadi mfupani. Huchukua miezi kupona, na kwa mzee aliyedhoofika pengine hakiponi.

Mafunzo yanatuambia tutafute wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona, kwa hiyo unategemea mkono wako. Unapapasa uone kama mahali pana joto au ubaridi kuliko pembeni yake, kama pamekuwa pagumu au pamelegea, na unamtazama mzee usoni uone kama anakunja uso ukipagusa. Kazi hiyo inataka mwanga na inataka muda. Fomu haina hata mstari wa kuandika ulichokisikia mkononi. Ina kisanduku cha tiki tu.

Sasa tupige hesabu. Chukua jengo lenye wakazi 40, usiku wakiwapo wauguzi wasaidizi wawili. Tuseme 15 kati ya wakazi hao hawawezi kujigeuza. Kumgeuza mtu mzima bila kumkwaruza ngozi kunahitaji watu wawili, mmoja kila upande wa kitanda, wakimvuta kwa shuka la kutelezea na kumshika begani na nyongani. Ukishamgeuza unakuta nepi imelowa. Unamsafisha, unamkausha, unampaka mafuta ya kukinga ngozi, unaweka mto katikati ya magoti na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Unamnywesha maji kidogo, kwa sababu mzee hahisi kiu kama kijana, na akikosa maji usiku kucha asubuhi utamkuta amechanganyikiwa na mkojo umekuwa mzito. Kwa watu wenye uzoefu hizo ni dakika kumi. Mara 15 zinakuwa dakika 150. Saa mbili zina dakika 120.

Na hapo sijahesabu kengele hata moja. Hakuna aliyetapika, hakuna aliyeanguka akijaribu kwenda chooni peke yake, hakuna mama mwenye ugonjwa wa kusahau aliyeamka saa nane za usiku akitafuta mlango ili akawachukue watoto shuleni, watoto ambao siku hizi wana wajukuu. Mama huyo huwezi kumwambia “rudi ulale” ukaondoka. Unakaa naye, unamuuliza majina ya watoto, mnatembea korido yote mara mbili mpaka wasiwasi umtoke. Dakika ishirini zinakwenda, na ukiniuliza mimi, hizo ndizo dakika zenye maana kuliko zote za zamu nzima. Hazina fomu.

Lakini asubuhi karatasi zinasema wote 15 waligeuzwa saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Sahihi ni zilezile mbili. Mkaguzi akizitandaza fomu hizo mezani badala ya kuzisoma mojamoja, ataona watu wawili waliokuwa ndani ya vyumba 15 kwa wakati mmoja. Hahitaji utaalamu wowote kuliona hilo. Lakini anayekiacha kisanduku kitupu huitwa ofisini ajieleze, na anayekijaza hakuna amuulizaye. Utaratibu ukipangwa namna hiyo, karatasi itajaa tu.

Najua kuna watakaokwambia kwamba saa mbili si sheria iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni kweli. Utafiti uliofanywa katika makao ya Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wakazi waliolala kwenye magodoro mazuri ya sponji nzito hawakupata vidonda zaidi walipogeuzwa kila baada ya saa tatu au nne. Ningefurahi sana wizara ingelifuata hilo, mradi ilifuate lote, godoro likiwa la kwanza. Hayo ya kwetu yamebonyea katikati kiasi kwamba ukiweka kiganja chini ya mgonjwa unagusa chaga za kitanda. Anayetaka kutuongezea muda kati ya mgeuzo mmoja na mwingine aanze kwa kununua magodoro.

Wenye makao watakwambia pia kwamba wafanyakazi hawapatikani. Wanapatikana, Mheshimiwa. Hawakai. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, inatumia kikomo cha kilo 16 hivi kwa mtu mmoja anayemnyanyua mgonjwa kwa mikono, na hiyo ni pale mgonjwa anapotoa ushirikiano na mnyanyuaji amesimama vizuri. Miguu miwili ya mtu mzima wa kawaida, miguu peke yake, inapita kiwango hicho. Mashine ya kunyanyulia wagonjwa ipo katika majengo mengi, ila mara betri imekufa, mara mikanda iko kwa fundi, na hata ikiwa nzima inataka watu wawili, na wa pili yuko chumba cha mwisho anaitwa na kengele tatu. Basi mtu ananyanyua peke yake. Mgongo unavumilia mwaka, miaka miwili, halafu anaacha kazi na nafasi yake inachukuliwa na mgeni asiyejua kwamba bibi wa chumba cha pembeni hunywa dawa zake vizuri tu ukimpa glasi aishike mwenyewe.

Nchi nyingine zimeshalihangaikia jambo hili na sisi tunaweza kujifunza kutokana na walipofika na walipokwama. Australia, tangu Oktoba 2024, inayataka makao yatoe kwa wastani dakika 215 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, 44 kati yake zikitoka kwa muuguzi aliyesajiliwa. Marekani ilitangaza kanuni yake mwaka 2024: saa 3.48 kwa mkazi kwa siku, 2.45 kati yake za wauguzi wasaidizi. Wenye makao wakaenda mahakamani, na Aprili 2025 jaji wa Texas akaifuta kabla viwango hivyo havijaanza kutumika.

Ninavyoona mimi, viwango hivyo vyote vina tundu moja. Vinahesabu siku nzima. Mwenye makao anaweza kurundika watu asubuhi, wakati wa kuoga na kifungua kinywa, ndugu wakiwa wanaingia na kutoka, wastani ukatimia, na usiku wakabaki wawili walewale. Ndiyo maana ninakuomba kiwango cha kwetu kiandikwe kwa zamu, na idadi ya usiku iwe sharti la leseni lenye tarakimu yake, ikipanda kadiri wasioweza kujigeuza wanavyoongezeka.

Na tarakimu hizo msizichukue kutoka kwa meneja. Marekani, pamoja na matatizo yake, tangu 2016 inayataka makao yatume saa za wafanyakazi kutoka kwenye rekodi za mishahara. Mtu hulipwa kwa zamu aliyofanya, kwa hiyo ni vigumu kumbuni mfanyakazi ambaye mhasibu hamjui. Mpango wa zamu uliobandikwa ukutani, kwa upande wake, unaweza kuwa na majina ya watu walioacha kazi zamani.

Kisha wakaguzi waje usiku bila taarifa, saa nane au saa tisa, wakati ambao hakuna anayeweza kuita watu wa ziada kwa simu. Wasianzie ofisini. Wachague chumba kimoja, wasome fomu ya mkazi, wafunue shuka, watazame mzee amelala ubavu gani. Kama fomu inasema kushoto na yeye yuko chali, wameshapata jibu la swali lao. Wakiwa hapo watuulize na sisi. Asubuhi wauguzi wanapokabidhiana zamu, sisi huwa tumetumwa kukusanya nepi na mashuka machafu, wakati sisi ndio tuliomwona mzee akikataa uji siku mbili mfululizo au akianza kushika tumbo. Anayetoka zamu aingie kwenye makabidhiano hayo, aseme alichokiona. Hilo halihitaji fedha. Waraka mmoja kutoka kwako unatosha.

La mwisho linatuhusu wenyewe. Muuguzi msaidizi akizungumza na mkaguzi, wiki inayofuata jina lake hupungua kwenye mpango wa zamu. Hafukuzwi, kwa hiyo hana pa kulalamika. Anapewa zamu mbili badala ya tano mpaka aondoke mwenyewe. Rekodi za mishahara ninazoziomba hapo juu zitalionyesha hilo pia. Agiza wakaguzi wawe wanalinganisha zamu za mwezi wa ukaguzi na za mwezi unaofuata, kwa kila jina, na wenye makao waambiwe mapema kwamba ulinganisho huo utafanyika.

Wako mtiifu,

Muuguzi msaidizi, zamu ya usiku