Kofia ya gego ikichomoka, msimwangalie fundi peke yake

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja alilalamika humu kuwa kofia za meno, yaani vifuniko vinavyovikwa jino lililochongwa, zinazotengenezwa hapa mjini ni feki, hazikai. Mimi ni mmoja wa wanaozitengeneza. Karakana yangu iko Ilala, napokea kazi za kliniki kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na huu ni mwaka wangu wa 19. Naomba nafasi nimjibu.

Fundi kama mimi kwa kawaida simwoni mgonjwa. Naletewa kipimo, yaani chapa ya meno ya mgonjwa, na bodaboda, namimina plasta, na jino linabaki mezani kwangu kama kisiki cheupe, halina mate wala ulimi wa kulificha. Meno ya mbele mengi huja yamechongwa vizuri. Magego ndiyo yananikosesha usingizi, hasa gego la pili la chini.

Watu wanadhani kofia inashikwa na saruji. Saruji inaziba upenyo mwembamba tu na kusaidia kidogo. Kazi kubwa ya kuizuia kofia isichomoke ni ya kuta za kisiki. Vitabu tulivyosomea vilitaka kuta hizo zisimame karibu wima, zikikaribiana kuelekea juu kwa jumla ya digrii 6 hivi. Mkono wa binadamu hauipati 6 kila siku, ndiyo maana wataalamu siku hizi wanakubali mpaka kama 20. Na waliopima magego ya wagonjwa halisi, katika nchi mbalimbali, wamekuta mara nyingi hata hiyo 20 imepitwa, kwa hiyo tatizo si la Dar peke yake. Urefu nao una neno lake: kisiki cha gego kikibaki chini ya milimita 4, kofia inakosa pa kushika. Ufupi ukikutana na mteremko, unachopata ni kichuguu. Nani amewahi kukivika kichuguu baraghashia ikakaa?

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja anayeuza samaki Feri, kofia ameiweka ndani ya kiberiti. "Fundi, hii kofia yako imenitoka natafuna pweza." Alilipa laki tatu na nusu, ikakaa wiki sita. Daktari wake alimwambia fundi kaifanya pana. Huwa navitunza visiki vyote kwa miaka miwili, nikapanda kwenye stuli nikashusha cha kwake. Nyuma kilikuwa milimita 2 na nusu, kuta zote zimelala. Na kabla sijayeyusha madini nilikuwa nimempigia daktari simu, akanijibu, "Fundi, wewe tengeneza tu, saruji itashika." Nikatengeneza. Hapo kosa ni langu pia, silikwepi. Nina kodi ya pango, na kliniki ile inaniletea kazi kila wiki.

Siwadharau madaktari. Gego la mwisho liko shimoni: shavu linabana, ulimi unasukuma, mgonjwa hafungui mdomo vya kutosha, kichwa cha mashine ya kuchongea kinagonga meno ya juu, na daktari anachonga akitazama kwenye kioo kidogo kilichojaa ukungu. Tena magego ya chini yenyewe yameinama kuelekea ulimi. Mkono ukilala kidogo tu, ukuta nao unalala.

Lakini kuna mengine hayana kisingizio. Juu ya gego nahitaji nafasi ya milimita 1 na nusu hadi 2 nikiweka kauri. Nikipewa nusu yake, ama kauri iwe nyembamba ipasuke, ama kofia iwe juu na mgonjwa ashindwe kuuma vizuri. Na ule mpaka wa chini, mahali kofia inapoishia, mara ngapi umefunikwa na damu kwenye kipimo! Nakisia kwa macho, halafu chakula kinaganda pale na fizi inavimba.

Ninachoomba si mashine za bei mbaya. Daktari mmoja ninayefanya naye kazi hutengeneza kinyago cha silikoni kabla hajagusa jino, kisha anakirudisha juu yake kila baada ya kuchonga kidogo aone ameondoa kiasi gani. Kipimo anamimina mwenyewe palepale, anakitazama kisiki mgonjwa akiwa bado kitini, na kikiwa kibaya anarekebisha saa hiyohiyo. Inamgharimu muda kidogo. Kazi zake zinazonirudia nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Huyohuyo ndiye aliyempokea mama wa Feri. Jino lilikuwa limeshaliwa sana, kuta hazikuweza kusimamishwa tena, ikabidi achonge vifereji viwili vilivyonyooka ubavuni ili kofia iingie kwa njia moja na isiyumbe. Mimi nikatengeneza upya kwa bei ya vifaa. Juzi nimepita Feri kununua dagaa, nikamuuliza kama ameshaijaribu kwa pweza. Akacheka, akanionyesha shavu la upande wa pili: "Natafunia huku kwanza, fundi."

Fundi wa karakana ya meno,
Ilala, Dar es Salaam