Asante, mwalimu wa maktaba ya Kaloleni

Mwaka 2025 binti yangu alikuwa Gredi ya 9, KJSEA, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari msingi, inakaribia, na hesabu zimemkwama. Pesa za tuisheni sikuwa nazo. Jumamosi alienda kusoma maktaba ya Kaloleni, Eastlands, Nairobi, na huko mama mmoja, mwalimu mstaafu, akamwona akifutafuta swali lile lile hadi karatasi ikatoboka.

Akavuta kiti. Hakumpa jibu. Alimwambia apigie mstari kinachoulizwa, kisha amweleze kila hatua, kana kwamba mwanafunzi ni huyo mwalimu. Wakaendelea hivyo wiki baada ya wiki, akimpimia muda kwa saa yake ya mkononi. Hofu ilipozidi, alimkumbusha kwamba KJSEA ni asilimia 60 tu ya alama za mwisho. 40 nyingine hutokana na KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na tathmini za Gredi ya 7 na 8. Usiku huo mtoto alilala usingizi.

Nauli nilimtumia, akakataa katakata.

Mama, binti yangu amepata sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12), mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, aliouchagua. Mungu akubariki sana. Nanyi walimu wastaafu wa Eastlands, watoto wako maktabani na madaftari yao. Tafadhali pitieni, hata kwa saa moja.