Mnyama kwenye basi apangiwe utaratibu, asitupwe kwenye buti

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ukurasa huu kwa miaka mingi bila kuandika chochote. Habari yenu kuhusu mbwa na paka ndani ya daladala imenifanya nishike kalamu. Mwandishi wenu aliwauliza abiria swali moja tu, wanyama waruhusiwe au wasiruhusiwe, na majibu yakawa yaleyale: huyu anasema mbwa ni najisi, yule anasema mnyama naye ana haki zake. Hakuna aliyeulizwa mnyama akae sehemu gani ya gari, afungwe na nini, alipiwe kiasi gani, apande saa ngapi. Wanyama wanasafiri tayari, kila siku ya Mungu. Wanasafiri ndani ya viroba, chini ya viti, kwenye buti na juu ya keria, na wengine hawafiki.

Tuanze na buti, maana ndiko konda anakokimbilia akimwona mtu na mbwa. Buti la basi limetengenezwa kwa ajili ya mabegi. Halina tundu la hewa la maana, sakafu yake iko karibu na lami inayowaka, na kwenye mabasi yenye injini nyuma buti la mwisho limepakana na injini na bomba la moshi. Sasa mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, mdomo wazi na ulimi nje. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 yuko hatarini. Konda anasema mfunge mdomo kwanza, mwenye mbwa anatafuta kamba, anaizungusha mara tatu nne, anakaza, kisha mnyama anaingizwa butini na mlango unafungwa. Umemnyima hewa, halafu umemnyima njia kuu aliyonayo ya kupunguza joto. Karibuni hapa Tanga mbwa mwenye afya, aliyekuwa analetwa kuchanjwa, alisafirishwa hivyo kwa kamba ya katani mdomoni, safari isiyofika hata saa mbili. Alishushwa miguu imelegea, fizi nyekundu kupita kiasi, mate mazito kama gundi, na maji aliyomwagiwa hayakumsaidia tena. Konda alishikilia kwamba amefuata utaratibu. Nauliza, utaratibu wa nani? Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008 na inakataza ukatili kwa mnyama, awe wa shambani au wa nyumbani. Mwenye mbwa alilipa nauli ya mzigo na akarudi na mzoga.

Kifunga mdomo kinachofaa ni cha aina ya kikapu, cha waya laini au plastiki, kilichoachia nafasi mbele ili mbwa aweze kufungua mdomo, kuhema na hata kunywa maji. Kitambaa na kamba ni vya dakika moja au mbili za kuchoma sindano, si vya safari. Kamba ya kumshikia isizidi mita moja, na ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kwa sababu gari likifunga breki ghafla mkanda wa shingoni unamnyonga. Asile kwa saa nne hadi sita kabla ya safari. Matapishi mengi mnayoyalalamikia ndani ya magari yanatokana na watu wanaomshibisha mnyama asubuhi kwa huruma. Maji apewe kidogokidogo.

Mbwa mdogo na paka wasafiri ndani ya boksi, na boksi si lazima litoke dukani. Chukua makreti mawili ya plastiki ya matunda, yale yenye matundu pembeni, yafunike moja juu ya lingine mdomo kwa mdomo, ufunge pembe zote nne kwa waya na katikati ya kila upande mrefu mara moja zaidi. Ncha za waya zikunjwe kwa nje zisimchome. Chini tandika gazeti nene, juu yake kitambaa chenye harufu ya nyumbani. Kwa paka, funika juu kwa kanga na uache upande mmoja wazi. Akiwa gizani anatulia. Kapu la ukili lenye mfuniko ulioshonwa linafaa pia kwa mwendo mfupi, ila paka mwenye hofu analichana. Kiroba hakifai kabisa. Hakipitishi hewa ya kutosha, na paka akihangaika kinamganda usoni. Jueni pia kwamba paka anayehema mdomo wazi kama mbwa hajachoka tu, yuko katika hali mbaya. Na msimpe dawa za binadamu ili alale. Paracetamol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka.

Kuhusu najisi, sikubaliani na wanaolicheka jambo hilo. Huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa yakigusa nguo inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Abiria anayekwenda kuswali Ijumaa ana haki ya kuketi bila kulambwa. Lakini hiyo ni sababu ya kumtengea mbwa mahali, kumvisha kifunga mdomo na kumweka sakafuni juu ya turubai, mbali na mlango ambako watu wanapita wakigusana. Paka hana tatizo hilo hata kidogo, hivyo kumteremsha mama mwenye paka kwa hoja ya najisi ni kutojua dini na kutojua paka. Mwenye pumu naye aulizwe kabla mnyama hajapanda. Akikataa, mnyama asubiri gari linalofuata.

Wapo waliopendekeza kwenye habari yenu kwamba kila mnyama awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ndipo apande. Ni pendekezo jema, lakini likiachwa hivyo litazuia chanjo yenyewe. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na chupa nyingi zina dozi 10. Ikifunguliwa kwa mbwa mmoja, zilizobaki hazingoji wiki ijayo. Ndiyo maana mnyama anakuja kwenye jokofu, jokofu haliendi kwa mnyama. Kampeni za chanjo za Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, hazimfikii kila mtu. Sasa anayekwenda kupata chanjo ya kwanza atatoa wapi cheti? Huyo aruhusiwe kwa sharti la boksi lililofungwa, au kifunga mdomo kama ni mkubwa, na akirudi aoneshe kadi. Binadamu akipata kichaa cha mbwa na dalili zikishaanza, karibu kila mara hufa, na wengi mno walioupata waling'atwa na mbwa. Kinga yetu ni kufikisha asilimia 70 ya mbwa kwenye chanjo, na hatutafika huko kwa kuwateremsha njiani.

Na kwa kuwa tumegusa magonjwa, la kuku siliachi. Basi linalomkataa paka mmoja ndani ya boksi linabeba kuku 60 butini na hakuna anayeandika gazetini. Kuku wa kienyeji wanatoka Singida hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 700, miguu imefungwa pamoja kwa kamba au kwa vipande vya matairi, wamelundikana wa juu akimkandamiza wa chini. Wakishushwa wananing'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda. Kuku hana kiwambo kama chetu cha kutenga kifua na tumbo. Ukimning'iniza hivyo matumbo yanaegemea mapafu, na joto lake la kawaida ni nyuzi 41 hadi 42, kwa hiyo hana nafasi kubwa ya kupanda zaidi. Anayefia njiani ni kibudu, na mnunuzi anayeuziwa kuku aliyekwisha nyonyolewa hana namna ya kujua. Baya zaidi ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Watu wakiona kuku wawili watatu wamekufa wanakimbilia kuwauza waliobaki kabla nao hawajafa, na gari linasambaza ugonjwa kila kituo kwa kinyesi kilichobaki butini. Chanjo yake ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kuku wasafiri ndani ya kreti la plastiki la sentimita 90 kwa 60, kimo 30, wakubwa 8 hadi 10 na si zaidi. Tenga la mianzi halioshwi likatakata. Na mnapoosha, kinyesi kikwanguliwe na kusuguliwa kwa sabuni kwanza, ndipo dawa imwagwe. Dawa juu ya uchafu haiui kitu.

Ninachotaka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, iandike kwenye masharti ya leseni ni hiki, na kibandikwe mlangoni mwa kila gari kwa maandishi yanayosomeka. Boksi lisilozidi sentimita 50 kwa 35, kimo 35, likae miguuni pa mwenyewe bila malipo. Mbwa asiyeenea humo alipe nusu nauli na apewe risiti, maana sasa konda anatoza anavyojisikia, akae sakafuni nyuma kabisa pembeni mwa dirisha lililofunguliwa, na wasizidi mmoja kwa daladala au wawili kwa basi kubwa. Mbwa wakubwa wasipande saa 12 hadi saa 3 asubuhi wala saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Mwenye mnyama abebe magazeti, mfuko na chupa ya maji ya sabuni, na akichafua asafishe mwenyewe kabla ya kushuka. Kwa safari inayozidi saa nne, mnyama ashushwe na kunyweshwa pale abiria wanaposhuka kula. Kuku wahamishiwe kwenye magari ya mizigo yaliyo wazi pembeni. Na buti lipigwe marufuku kwa chochote chenye pumzi, dereva na konda watozwe faini wote wawili.

Daktari wa mifugo,
Tanga