Chai Ingekuwa Imechemka

Mikindani, Mombasa
Jumatatu usiku, 22 Januari 2024

Mwanangu,

Barua ya mama yafaa ianze na "natumai u mzima". Leo neno hilo limenishinda, kwa sababu asubuhi nimekuona kwenye simu kwa macho yangu mawili, huko Lusaka kwenye umisionari wako wa kanisa la Wamormoni, na mzima hukuwa.

Kola ya shati imekupwaya. Mashati yale niliyanunua mimi Kongowea, sita, nikakupima shingo kwa kamba mbele ya muuzaji mpaka ukaona haya. Leo hapo kwenye tai pangepita vidole vyangu vitatu. Midomo imekauka kama ya mtu aliyefunga, saa kumi ya jioni. Ulikuwa umeegemea ukuta, na nilipouliza ukasema ni usingizi, halafu ukaigeuza simu nimwone mwenzako akifua soksi. Mimi na soksi za Mzimbabwe wapi na wapi? Nimengoja wiki nzima nikuone wewe.

Tumbo linaendesha? Jibu hili kwanza kabla hujasoma mbele.

Redio nasikiliza, baba. Wamesema huko Zambia waliokufa kwa kipindupindu tangu Oktoba wamepita 400, na Lusaka ndiko kulikozidi. Uwanja wenu wa mpira, ule wa Mashujaa, umegeuzwa wodi. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 8, zimesogezwa hadi tarehe 29. Wanaokufa hata hawarudishwi nyumbani wakaoshwe na watu wao. Haya yote nimeyapata redioni. Kwako wewe nimepata "tuko sawa, Mama, kazi inaendelea vizuri". Ukasema rais wenu wa misheni, mkubwa wenu wamisionari huko, amewakataza kuingia mitaa mingine, na masomo mengine mnafundisha kwa simu. Vizuri, namshukuru. Lakini mitaa hiyo mingine mlikuwa mkiingia mpaka lini? Kanyama uliniambia mwenyewe mwezi wa kumi na moja kwamba ni mwamba mtupu, choo hakichimbiki kikaenda chini, na kisima kiko hapo hapo hatua kumi. Uliniambia kama mtu anayesimulia kichekesho. Sikulala.

Na yale maji. Umesema huko maji wanaita madzi, kama kwa nyanya yako Kaloleni, na kwamba siku ya kwanza ulipolisikia neno hilo uliona kama uko kwetu. Hapo ndipo naogopa. Mtu akijiona yuko kwetu hunywa chochote anachopewa.

Uliandika Desemba kuhusu yule mama mjane mnayemfundisha, anayewakaribisha munkoyo kila mkienda, na kwamba kukataa ni kumvunjia heshima. Nimeuliza munkoyo ni nini. Ni uji wa mahindi na mizizi, unaachwa uchachuke, unanywewa baridi, na aliyenieleza anasema wengine huuongeza maji mabichi mwisho upate kuwa mwepesi. Sasa nisikilize. Miaka mitatu, tangu nirudi kutoka kazini Muscat, nimekupikia chai ya maziwa na tangawizi, na miaka mitatu umeikataa kwa adabu, "Mama, Neno la Hekima", ile sheria ya kanisa lenu inayokataza chai. Nikavumilia. Nikakukatalia watu, nikamwambia mjomba wako asikucheke. Chai ya mamako, ambayo imetokota mpaka imepanda na kushuka mara mbili, hunywi. Maji ya kisima cha Lusaka ndani ya kikombe cha mtu, hayo wayapokea kwa mikono miwili. Chai ingekuwa imechemka! Huyo mama mwambie daktari amekukataza. Ni uongo mdogo, nitaubeba mimi.

Babako anasema nikuache, wewe ni mwanamume. Yuko njiani na lori, tangu Ijumaa wamekwama mpakani Malaba. Yeye kila kitu ni mwanamume.

Lakini mimi najua unachofanya, na nitakuambia ulivyojifunga mwenyewe. Sheria yenu ni watu wawili, mmoja haendi pasipo mwenzake, hata dukani. Basi mmoja akiugua, wawili wamelala ndani. Na mwenzako amebakiza wiki chache arudi kwao Bulawayo, anataka amalize kwa nguvu, kuna watu wawili anaotaka kuwaona wakibatizwa kabla hajaondoka. Kwa hiyo wewe unaamka saa kumi na mbili na nusu, unapiga mswaki, unavaa tai, unatoka nje ukiwa umeshika tumbo. Nimekosea? Tabia hiyo hukuitoa kanisani. Umeitoa kwangu.

Kazi ya kugeuza simu naijua mimi. Ile miaka ya Muscat nilipokuwa nikikupigia, uliwahi kuuona mkono wangu wa kushoto? Kovu ulikuja kuliona siku uliyonipokea uwanja wa ndege, nikakuambia ni la zamani. Lilikuwa la mafuta ya sambusa, mwezi wa Ramadhani, na siku tisa nilifunga kitambaa nikaendelea kufua vilevile. Kila Ijumaa nakuambia niko sawa, nakula vizuri. Nilikuwa nakupigia kutoka chooni, nimefungulia bomba ili nisisikike nje. Ukaniuliza, Mama, huko kunanyesha? Nikasema ndiyo, mvua kubwa.

Na ndimo chooni humo nyanya yako aliponiambia kwamba kuna vijana wawili wa mashati meupe wanakuja nyumbani na wanataka ruhusa ya mzazi ndipo wakubatize. Nikasema sawa, wambatize, kwa sababu mlango ulikuwa unagongwa. Sikuuliza kanisa gani. Hivyo ninapoanza kulalamika kwamba mwanangu alihama ACK, kanisa letu la Anglikana, nyuma ya mgongo wangu, nalikumbuka lile bomba nanyamaza. Walau wale vijana walikuwa wanakuja kila wiki.

Chanjo ile ya kunywa nimesikia imefika Zambia wiki iliyopita. Mmepewa? Usiniambie "tutapewa". Kaulize.

Huyo mke wa rais wa misheni, uliniambia yeye ndiye anayepigiwa simu mkiugua. Mpigie. Mpigie leo, usingoje Jumatatu nyingine, siku yenu ya maandalizi. Hatakurudisha nyumbani kwa sababu ya tumbo, kama hilo ndilo unaloogopa. Na hata akikurudisha, mlango uko wazi. Nimesikia vijana wanaorudi kabla ya miaka miwili kuisha wanavyotazamwa kanisani, kwamba alifanya nini huyu. Mtu akikutazama hivyo hapa Mikindani aje anitazame mimi kwanza.

Kwa sasa fanya hivi. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Vijiko vidogo sita vya sukari, vya bapa, visiwe na mlima juu. Chumvi nusu kijiko hicho hicho. Koroga, kunywa kidogo kidogo siku nzima, hata ukitapika ngoja kidogo unywe tena. Kile kichujio mlichopewa nakiheshimu, lakini chemsha kwanza. Mboga usile mbichi. Mikono msipeane na watu kwa sasa. Najua nyinyi bila kupeana mikono hamjaingia nyumba, lakini uliniambia watu wa huko hupiga makofi wakisalimu, kwa hiyo pigeni makofi.

Hapa nyumbani mambo ni mengi. Maji ya bomba hayajaonekana tangu Alhamisi, tunanunua ya mkokoteni, nami nachemsha kila tone, maana mvua zile za El Niño zilijaza choo cha upande wa pili na ukuta wake umelala mpaka leo. Mwenye nyumba anasema atajenga. Mahamri yanatoka, mbaazi zimepanda bei, sukari ndiyo usiseme, na ukipunguza sukari kwenye hamri mteja anajua kabla hajatafuna.

Mdogo wako ameripoti Form One Jumatatu iliyopita, tarehe 15. Hao wa kwao ndio wa mwisho kufanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Kenya hii, na anajivuna kama yeye ndiye aliyeifunga. Karo ya mwaka ni 40,535. Nimelipa 14,000, baki tumeahidi kwa barua. Shule ilitaka godoro, na godoro jipya nilishindwa, kwa hiyo lako ndilo lililokwenda. Nililifua, nikalishona upande ule. Ukirudi tutaona. Alilia kwenye lango, halafu akakumbuka kwamba wewe hukulia, akajifuta.

Nilikuwa nimeapa nisikuandikie hili, lakini naona kalamu imeshafika: mtoto wa jirani, rika lako, ana boda yake sasa na kila jioni anamletea mamake unga. Mamake hulisema mbele yangu akijua. Nami humjibu kwamba wangu yuko nje. Huuliza nje wapi, nikisema Zambia hucheka, kwake nje ni Ulaya. Nikamwambia mwanangu huko anaitwa Mzee na watu wazima, kama kanisa lenu linavyowaita wamisionari, hata bibi wa miaka sabini anamwambia "karibu Mzee". Hilo lilimnyamazisha. Mzee gani, na ndevu hazijaota, na hata zingeota ungenyoa kila asubuhi! Lakini nilivyolisema, kifua kilinijaa. Ile picha yako na kibao cheusi cha jina iko juu ya friji. Wateja wa mahamri wakiuliza huyu ni askari wa wapi, nawaeleza mpaka hamri zinapoa.

Mjomba wako alikuja jana kutazama mpira, kwa kuwa sisi wenyewe hatuko kwenye Kombe la Afrika huko Ivory Coast, basi akachukua Tanzania dhidi ya Zambia. Zambia wakabaki kumi uwanjani na bado wakasawazisha dakika ya 88, moja moja. Najua hamtazami, lakini nadhani kelele za Lusaka zilikufikia kitandani. Anakusalimu. Bado anauliza kama ni kweli mtu anaweza kukaa miaka miwili bila msichana wala televisheni. Nikamwambia babako hukaa Malaba wiki mbili, na hakuna anayemuuliza.

Hebu turudi pale. Usinijibu kwamba Bwana anawalinda wamisionari wake. Mimi pia naomba, kila alfajiri kabla sijawasha jiko, na sijawahi kuomba halafu nikanywa maji mabichi. Nyanya yako alizika watoto wawili kwa ugonjwa wa tumbo, mmoja asubuhi na mwingine jioni yake, na alikuwa mtu wa sala kuliko mimi na wewe. Hakupenda kulisimulia. Ndiyo maana kwake hata maji ya kuoga mtoto yalichemshwa, mkamcheka.

Binamu yako ndiye atakayeichapa hii kesho na kukutumia kwa barua pepe. Nimemwambia achape bila kusoma, sijui itawezekanaje. Pale penye choo cha Muscat akikuuliza, mwambie nilikuwa nikitania.

Jumatatu ijayo nitafunga meza mapema. Saa tatu zenu ni saa nne zetu, nitakuwa nimekaa na bando la saa nzima. Kabla hujapiga, weka sufuria ya maji jikoni. Nataka kuiona mwenyewe ikitokota, usinionyeshe soksi za mtu. Halafu mwenzako akushikie simu, wewe usimame mbali kidogo, kwenye mwanga, nikuone mpaka kwenye mkanda. Ukiwa umetoboa tundu jipya kwenye mkanda huo nitaliona.

Mamako