Kabla ya kununua altaneta nyingine, pimeni hasi

Ndugu Mhariri,

Lori la zamani likianza vituko vya umeme, mlolongo wake unajulikana. Leo linawekewa betri mpya, wiki ijayo altaneta (mashine inayochaji betri), mwezi ujao stata (mota ya kuwashia injini) ya mtumba, na asubuhi bado linasukumwa. Mwishowe dereva anatangaza kwamba gari lina jini. Naomba nafasi niwaambie wenye malori, hasa haya Fuso na Scania za miaka ya 1990 ambazo bado zinatubebea mahindi na saruji: msitoe fedha ya kifaa chochote kabla fundi hajawaonyesha namba kwenye mita. Na namba ya kwanza kudai ni ya upande wa hasi, ule tunaouita ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Tazameni dashibodi usiku. Ukiwasha taa kubwa na mshale wa joto la injini ukaruka papo hapo, kisha ukizima taa ukarudi mahali pake, rejeta haina kosa. Maji hayapandi joto kwa nusu sekunde. Kichwa cha lori kimekalia mipira, kwa hiyo umeme wake hauna njia ya kurudi kwenye chesisi isipokuwa ule mkanda wa waya uliosukwa, uliofungwa kwa bolti moja kila upande. Mkanda huo ukiliwa na kutu, umeme wa taa unagombea njia moja nyembamba na umeme wa geji, na mshale ndio unaotoa siri. Injini nayo imekalia mipira na ina mkanda wake. Huo ukikatika kabisa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya akselereta. Ukikuta kebo hiyo imeungua ganda bila kugusana na ekzosi, usibadilishe kebo ukaondoka. Angalia mkanda wa injini.

Hapa ndipo mita inapotumiwa vibaya. Fundi anazima gari, anaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa waya), anagusa ncha mbili za waya, mita inalia, anasema waya mzima. Kwa kebo ya stata kipimo hicho hakifai kitu. Stata ya lori la volti 24 inaweza kuvuta ampea 300. Kiungo chenye kutu cha omu 0.01 tu kinakula volti 3 kati ya zile 24. Mita ya kawaida haiwezi kuionyesha 0.01 kwa uhakika, kwa sababu nyaya zake zenyewe zinafika omu 0.2. Kebo iliyobakiwa na nyuzi tatu ndani ya ganda zima itailiza mita vizuri kabisa, maana mita inapitisha umeme kidogo mno.

Kipimo cha kweli hufanyika umeme ukiwa kazini. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye risasi yenyewe ya hasi ya betri (ile nguzo fupi juu ya betri, si kibanio cha kebo), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Funga mafuta ili injini isiwake, halafu mtu apige stata kwa sekunde tano. Ikizidi volti 0.5, kuna ugonjwa njiani. Sogeza ncha kiungo kwa kiungo: risasi hadi kibanio, kibanio hadi chesisi, chesisi hadi injini. Kiungo kizima hakivuki 0.2, na kile kitakachoonyesha volti 1 au 2 ndicho unachokitafuta. Rudia upande wa chanya kwa namna hiyohiyo. Hapohapo pima betri zote mbili (za volti 12 kila moja, zilizofuatanishwa kuwa 24) kwa pamoja wakati stata inazunguka. Zikishuka chini ya volti 19, zenyewe ni washukiwa, lakini zichajiwe kwanza ndipo zihukumiwe.

Dawa yake haina gharama. Fungua bolti, kwangua rangi na kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu yake. Kebo mpya ya hasi isiwe nyembamba kuliko ile ya chanya inayokwenda stata. Umeme unaokwenda ndio huohuo unaorudi, wala sielewi kwa nini watu hununua kebo nene ya kwenda na nyembamba ya kurudi.

Taa za nyuma zina jini la aina yake. Unakanyaga breki, taa ndogo za mbele zinawaka na mwanga wa dashibodi unaonekana. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, ya breki wati 21 na ya taa ndogo wati 5, zinazotumia hasi moja. Hasi hiyo ikikatika kwenye kikombe cha taa, umeme wa breki unapita kwenye uzi wa taa ndogo, unarudi kinyumenyume kwenye waya wake na kuwasha kila kilicho njiani. Hakuna swichi mbovu hapo. Vuta waya mwingine kutoka kikombe cha taa hadi kwenye chesisi iliyokwanguliwa. Vituko vikiisha, kazi imekwisha.

Kwa tela, anzeni na soketi ya matundu saba. Tundu namba 1, waya mweupe, ndilo hasi ya taa zote. Likiliwa na kutu, tela linategemea chuma cha mahali lilipokalia, ambapo pamejaa grisi. Ndiyo maana taa zinawaka gari likinyooka na kufifia likikata kona, na utingo anatumwa ashuke apige soketi kwa spana.

Fyuzi inayoungua kila mara haitaki fyuzi kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala msumari. Chomoa fyuzi, na mahali pake unganisha balbu ya volti 24 ya wati 21 kwa nyaya mbili. Kama kuna shoti, yaani waya wa chanya unagusa chuma, balbu itawaka kwa nguvu zote bila kuunguza kitu, kwa sababu inaruhusu chini ya ampea 1 tu. Sasa chomoa soketi moja moja ukianzia nyuma, na tikisa nyaya mahali zinapopinda. Balbu ikizimika au kufifia ghafla, mkono wako uko karibu na shoti. Tafuteni kwanza kwenye bawaba ya kichwa, kwani kila kichwa kinapoinuliwa nyaya zile zinakunjwa. Kisha nyuma ya tangi la mafuta, juu ya gia boksi, na popote waya unapopita kwenye ukingo wa chuma usio na mpira. Malori yaliyofanya kazi Ulaya, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa barafu, huja na kutu ya kijani ndani ya nyaya ambayo ganda zima linaificha. Upepo wa bahari wa Dar na Mombasa unafanya vivyo hivyo taratibu. Na mafundi tujikosoe: kila tunapochoma ganda la waya kwa sindano ya taa ya kupimia na kuacha tundu wazi, maji ya masika yanaingia hapo.

Betri zinazokufa lori likiwa limelala zinahesabika. Zima kila kitu, fungua hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya kibanio na risasi, na hakikisha hakuna atakayegusa swichi ya stata, la sivyo fyuzi ya mita itakwenda. Lori la zamani lisilo na kompyuta halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50. Likivuta ampea 2 tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60, hizo ni ampea-saa 120, na betri za 150 haziwezi tena kuzungusha stata. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Isipoanguka, toa kebo nene ya altaneta, kwa sababu dayodi zake (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) mara nyingi haziko nyuma ya fyuzi yoyote. Dayodi mbovu inajulikana pia injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa: mita ikiwekwa kwenye AC pale altaneta, ikavuka nusu volti, altaneta hiyo kweli ina kesi. Isipovuka, na ikitoa volti 27.5 hadi 28.5 za DC, iacheni.

Liko kosa moja ambalo madereva hulifanya kila siku: redio na chaja ya simu za volti 12 kuunganishwa kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inanyonywa peke yake. Altaneta inapochaji, yenyewe haijai na mwenzake anachemka maji. Pima kila betri peke yake injini ikiwaka. Zikipishana kwa zaidi ya nusu volti, tafuteni waya huo mwembamba na mnunue kigeuzi cha 24 kwenda 12. Betri mpya ziwekwe mbili kwa pamoja.

Anayechomelea bodi naye afungue vibanio vya betri na kebo ya altaneta kwanza, na hasi ya mashine aibane karibu kabisa na mahali anapochomelea.

Mwenye lori akiambiwa "altaneta imekufa", aulize: ilitoa volti ngapi, na hasi ilipoteza ngapi? Namba hizo mbili ziandikwe kwenye risiti pamoja na bei.

Fundi umeme wa malori,
Dar es Salaam