Barua ya wazi kwa watoto wa Kigoma mnaoenda chuo kikuu mwaka huu

Wanangu na wajukuu zangu wa Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza, Ujiji na hapa Kigoma mjini, mwakeye.

Juzi nilipita stesheni nikakuta vijana wamekaa juu ya mabegi wanasubiri treni, mmoja ameshika barua ya udahili mkononi hataki hata kuiweka chini. Nikasimama nao kidogo, nikauliza mnaenda wapi, mmoja Mlimani (chuo kikuu cha Dar es Salaam), wawili Dodoma, na mmoja anahama kutoka chuo kingine anaenda kuanza mwaka wa pili. Nikawauliza, sasa ukifika pale ukikwama utamuuliza nani? Wakaangaliana, hakuna aliyejibu. Nimerudi nyumbani hilo swali halikuniacha, ndo maana naandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Kasulu miaka mingi, nimesoma chuo kikuu nikiwa tayari mtu mzima, na nimepeleka wanangu watatu, wawili Mlimani mmoja Dodoma. Kwaiyo haya nayajua.

Kitu cha kwanza mkielewe vizuri. Sisi huku tumezoea kutafutwa. Boti ikitaka kutoka Kibirizi kwenda Mwamgongo au Kagunga mwenye boti anajua mama fulani bado yuko sokoni, anasubiri. Shuleni usipoonekana siku mbili mwalimu anamtuma mtoto wa jirani aje aangalie. Chuo kikubwa hakiko hivo, wanafunzi ni makumi elfu, usipotokea darasani hakuna atakayejua, usipojisajili jina lako halipo basi, hakuna mtu mbaya hapo, ni wingi tu. Na sisi watu wa Kigoma tuna aibu ya kuuliza, tunaona kuuliza ni kujionyesha mshamba, tunanyamaza tunasema nitajua tu mbele ya safari. Hiyo aibu ndo inaangusha watoto wetu kuliko ugumu wa masomo, nawaambia ukweli.

Iliniangusha mimi mwenyewe. Miaka ya tisini, mwaka wangu wa kwanza, nilichelewa siku kumi kwa sababu nilitaka kwanza nimalize maharage shambani nipate hela ya njiani. Nikafika nikakuta makundi ya semina yameshapangwa, majina yamebandikwa mlangoni kwa mwalimu, langu halipo. Badala ya kugonga mlango niseme jina langu halipo, nikawa najipachika kundi lolote nakaa nyuma. Muhula mzima! Nafanya kazi, naandika, naenda semina, ila hakuna daftari lenye jina langu. Alama za kozi weki (kazi na testi za muhula) zilipotoka mimi semina nina sifuri. Ndo nikaenda ofisini sasa, usiku kucha nimefanya mazoezi ya sentensi ya Kiingereza ya kuanzia, nimeingia natetemeka, na yule mwalimu akanijibu kwa Kiswahili, akaniambia taratibu kabisa, kijana ungekuja wiki ya pili ningekuandika hapa hapa kwa dakika moja, saa hizi matokeo yameshapita siwezi. Lile somo nilibeba kerii, yaani nililirudia mwaka uliofuata. Dakika moja ndo iligharimu mwaka mzima wa kuhangaika, mpaka leo nikikumbuka roho inauma.

Kwaiyo fikeni mapema. Wiki ya oriyentesheni msiione ni ya kupiga picha, pale ndo mnaonyeshwa maktaba, zahanati, ofisi ya dini wa wanafunzi (dean, mlezi wa wanafunzi, siyo mambo ya dini), namna ya kuingia kwenye mfumo wa usajili (Mlimani wanauita ARIS), na ratiba zinasomwaje maana venyu (vyumba vya vipindi) zimeandikwa kwa vifupisho mtu mgeni haambulii kitu. Pale Mlimani unaweza kuwa na kipindi Yombo saa mbili alafu kingine Nkrumah Hall baadae, na usipojua njia ya mkato unaingia mwalimu ameshaanza. Dodoma ndo zaidi, UDOM iko kwenye vilima, ndaki (matawi ya chuo) moja na nyingine ni mwendo kweli, usipange mambo ukidhani ni kama kutoka Mwanga kwenda Gungu hapa Kigoma kwa mguu. Siku ya kwanza kabla vipindi havijaanza zunguka na ratiba yako mkononi, ingia kila venyu uiguse kwa mkono.

Vyeti vyako halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA au namba, barua ya udahili, vikae kwenye begi unalolala nalo, kopi weka kwenye begi lingine, na picha zake ziwe kwenye simu na kwenye simu ya mzazi pia. Safari ya reli kutoka hapa mpaka Dar ni kama kilomita 1,250, begi la chini linaweza kupotelea popote.

Hela ya chuo inalipwa kwa kontrol namba peke yake. Unaipata kwenye mfumo, unalipa benki au kwa simu, basi. Mtu yoyote anayekwambia nipe laki nikufanyie usajili au nikupatie chumba hosteli huyo ni mwizi hata kama amevaa kitambulisho shingoni, hata kama ni Muha mwenzako na anakusalimia kwa lugha ya nyumbani. Hosteli omba mapema mtandaoni. Mlimani kuna za ndani na kuna hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zinaingia wanafunzi 3,840, na Mabibo iko nje ya kampasi, lakini watu ni wengi kuliko vitanda. Ukikosa utatafuta geto Changanyikeni, Msewe au Makongo na wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, hilo lizungumzeni na wazazi sasa hivi siyo ukiwa umesimama na begi Ubungo. Wapo wanaobebana, wawili kitanda kimoja na mmoja hana uhalali wa kuwepo pale. Najua shida inavyosukuma ila ukikamatwa mnaumia wote wawili.

Boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu. Bodi ya mikopo kwa sasa posho ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Ikiingia ya siku sitini ni 600,000 na mtoto ambaye hajawahi kushika laki mbili kwa pamoja anaona dunia imefunguka. Mwanangu wa pili alimaliza la kwanza wiki tatu, simu mpya, viatu, wenzake, mama yake akauza mawese kumtumia hela ya kula. Ukilipata toa kwanza kodi, alafu hela ya chakula igawe kwa wiki uiweke mbali na hela ya mfukoni. Na la kwanza mara nyingi linachelewa maana mpaka ujisajili na usaini ndo liingie, kwaiyo ondokeni nyumbani na akiba ya kula mwezi mmoja, dagaa wetu hawaozi, bebeni. Kubeti achaneni nako kabisa kabisa, nimeona kijana mwenye akili za ajabu amerudishwa nyumbani kwa kubeti ada.

Sasa masomo. Lekcha ni watu mia na mia kadhaa, mwalimu anaongea na kipaza sauti, hawezi kujua wewe umeelewa au la. Semina ndo mahali pako, ni kundi dogo, pale unaweza kuinua mkono. Pata namba ya CR (kiongozi wa darasa) wa kozi wiki ya kwanza, ingia kwenye grupu la wasap, ila usitegemee grupu peke yake, mbao za matangazo na mfumo bado zina vitu ambavyo CR atasahau. Kila mwalimu ana saa za kuonana na wanafunzi, zimeandikwa mlangoni au kwenye kozi autilaini (muhtasari wa somo), na nawahakikishia saa hizo mara nyingi anakaa peke yake hakuna anayekuja. Nenda. Kama Kiingereza kinakukwamisha mwambie kwa Kiswahili nimekwama hapa, wapo waliotoka shule za kata kama wewe.

Kuna hili wengi wanalijua wakiwa wameshachelewa, mwaka wa kwanza unahesabiwa. Digrii inapangwa kwa GPA (wastani wa alama, mwisho ni 5) ya miaka yote, fest klasi ni 4.4 kwenda juu, apa sekond 3.5, loa sekond 2.7, na chini ya 2.0 hakuna digrii. Mlimani kozi weki ni 40 na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni 60, kwaiyo testi unazozidharau mwezi wa kwanza karibu ni nusu ya safari. Na sapu (mtihani wa marudio) siyo nafasi ya pili kama ya shule, vyuo vingi ukifaulu sapu unaandikiwa C hata ungepata tisini.

Wewe kijana unayehama nimekuweka moyoni zaidi, maana waanzilishi wanapokelewa kwa nyimbo, wewe unaingia katikati wenzako wameshajuana. Kubadilisha kozi ndani ya chuo kuna dirisha lake, ni fupi, na inategemea kama una vigezo vya kozi hiyo na kama nafasi ipo. Kuhama chuo kwenda chuo kunapitia TCU (tume ya vyuo vikuu), nako kuna tarehe. Usihame kwa mdomo, yaani usianze kukaa kwenye madarasa ya kozi mpya wakati kwenye mfumo bado uko kozi ya zamani, hilo ni lile lile kosa langu la semina. Alafu mkopo haukufuati wenyewe, nenda kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka na wa chuo unachoenda, hakikisha wote wanajua, uliza mara mbili, na jiandae kwamba katikati hapo kutakuwa na kipindi hela hazishuki. Masomo uliyokwisha kusoma ukitaka yahesabiwe unahitaji transkripti (karatasi ya matokeo yako) na kozi autilaini za kule ulikotoka, maana mkuu wa idara mpya atalinganisha mada kwa mada. Mkichukue hicho kikaratasi kabla hamjaondoka, kukifuatilia kutoka mbali ni kazi ya miezi.

Na nyie mnaoingia kwa diploma, walimu na manesi wenye watoto nyumbani, msione aibu kukaa na watoto wa miaka kumi na tisa. Mimi nilikaa nao, walinifundisha kompyuta, mimi nikawafundisha kupanga insha.

Kazi za makundi fanya sehemu yako hata wenzako wakikwambia tutakuandika jina tu. Ukiandikwa jina tu leo, kwenye UE utakuwa peke yako na lile swali.

Binti zangu, na nyie vijana wa kiume pia linawahusu. Akitokea mtu mwenye mamlaka juu ya alama zako akataka mwili wako ili ufaulu, hiyo ina jina kisheria, ni rushwa ya ngono, imo kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. Usifute meseji, usiende kuonana naye peke yako, mwambie mtu mzima unayemwamini, vyuo vina dawati la jinsia, na TAKUKURU namba yao ni 113 haikatwi hela. Hapa ndo naomba aibu yetu ya Kigoma iwekwe pembeni kabisa. Mzazi unayesoma hii, mtoto akikupigia kwa jambo hili usianze kumuuliza alivaa nini, msikilize.

Bima ya afya lipeni, malaria ya huko ni ile ile ya huku. Na kuna wiki, mara nyingi ya tano au ya sita, mtu unajisikia mpweke mpaka chakula hakipiti. Wanangu wote watatu walipitia hiyo. Ofisi ya dini wa wanafunzi ina washauri, nenda ukae uongee, na watafute watu wa Kigoma, wapo kila chuo, mara nyingi Jumapili mnaweza kula ugali wa muhogo pamoja.

Sasa kazi yangu kwenu ni moja. Ndani ya siku saba za kwanza andikeni kwenye karatasi majina ya watu watano, CR, mwalimu mmoja, afisa mikopo, mtu wa ofisi ya dini wa wanafunzi, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi yako, na namba zao. Mwanangu aliyeko Dodoma nimemwambia, atawapokea wale wawili wa juzi stesheni. Yule anayehama, sikukuuliza jina, ukiona hii mwambie mama yako aje kwangu Mwanga kabla hujaondoka, nina nakala ya barua niliyomwandikia mkuu wa idara enzi zile, nitakuonyesha ilivyopangwa.

Mkifika pigeni simu nyumbani kabla hamjalala.

Mwalimu wenu mstaafu,
Kigoma